Kengeza Amepata Mtu

Zaina,

Sultani amekufa. Naanza na hilo kwa sababu ningeliweka mwishoni ungenichukia mara mbili, kwa kufa kwake na kwa kukuzungusha. Alikufa Handeni, kwenye ghala la yule mfanyabiashara wa mahindi niliyempa kwa mikono yangu mwenyewe. Kila uliponiuliza, "Mama, Sultani anaendeleaje?" nikakujibu, "Kanenepa huyo, hata hakukumbuki," nilikuwa nakudanganya. Haya. Lia sasa hivi, umalize, halafu uendelee kusoma.

Naandika hapa hapa sokoni mezani, mchana, perege wamebaki wachache na wateja wamelala makwao. Karatasi inanuka samaki, vumilia. Nitaiweka juu ya begi lako jioni uisome kabla hujalala. Sikuambii kwa mdomo kwa sababu mimi na wewe hatujui kuongea, tunajua kubwatukiana. Nikisema neno, unavimba. Ukivimba, napandisha. Nikipandisha, majirani wanazima redio wasikie vizuri. Sasa leo nimewanyima hiyo raha.

Mambo ya kufua, kupika, kuamka mapema, sitayaandika. Kama hujayajua mpaka leo basi nimeshindwa, na karatasi haiwezi kunisaidia.

Nina hasira na wewe, niseme wazi. Mtoto umepata ajira. Umepangiwa shule huko Katavi, mwalimu kamili, wakati watoto wa wenzangu wanatembea na vyeti mpaka vinachanika kwenye mikunjo. Na wewe ukakaa kizingitini umempakata paka, ukaniambia bila hata kupepesa, "Mama, siendi mpaka Kengeza apate mtu." Hee! Nilidhani masikio yangu yameingia mafuta. Nikakuuliza, "Unasemaje?" Ukarudia vile vile. Siku za kuripoti zinayoyoma, na mwalimu mzima anamsubiri paka apate mchumba.

Na paka mwenyewe ndiye yule. Jicho la kushoto halipo kabisa, limefumba kama kishimo cha kifungo, na wewe ukamwita Kengeza. Ukipenda, chongo huita kengeza. Huyo ndiye wewe tangu utotoni, sishangai. Ila mimi muuza samaki, Zaina. Mimi na paka ni maadui wa kazi. Nimelea watoto wangu kwa samaki, na kila samaki niliyeuza nilimlinda dhidi ya paka kwa mkono mmoja huku napima kwa mkono wa pili. Halafu mtu wa kunipelekea maadui nyumbani awe mwanangu wa kumzaa.

Lakini aliyeanza si wewe, najua. Walioanza ni hawa watu wa mji huu wenye roho ngumu. Wanahama nyumba, wanabeba godoro, wanabeba ndoo, hata balbu wanafungua, paka wanamwacha. Au paka akizaa, wanawatia watoto wake kwenye kiroba, wanakizungusha hewani ili wasahau njia ya kurudi, alfajiri wanakuja kuwamwaga nyuma ya meza zetu. Ukimkuta mtu na kiroba, anakwambia kwa sauti ya mwenye huruma, "Si hapa kuna samaki, mama? Hapa watashiba." Watashiba! Kwani samaki hawa ni wa serikali? Mtu anakutupia mzigo wake halafu anataka na shukrani. Nimewahi kumkimbiza mwanamume mmoja na kiroba chake mpaka karibu na barabara kuu, kanga inanidondoka, na nisingechoka ningemvalisha hicho kiroba kichwani.

Wewe ulikuwa ukija kunisaidia kufunga meza, unaondoka na kimoja mfukoni. "Huyu mgonjwa tu mama, akipona namrudisha." Hakuna aliyerudishwa. Sultani yule mwekundu ulimtoa kwenye mtaro. Kengeza ulimkuta ana mimba na jicho linavuja usaha. Mimi nilipiga kelele, lakini ukweli ni kwamba vichwa vya dagaa nilikuwa nakufungia mwenyewe kwenye karatasi. Usinikumbushe hilo mbele za watu.

Kilichonibana ni bwana afya. Alipita akakuta Kengeza kalala chini ya meza yangu, mkia juu ya mguu wangu, akaniambia kwa upole, na watu wa upole ndio ninaowaogopa, "Mama Zaina, nikimkuta tena mnyama hapa, meza hii inafungwa." Ndiyo maana nilikuwa mkali vile. Ukiondoka wewe, paka wako wanakuja kunifuata sokoni, maana ni mimi tu wanayemjua. Mimi nikikosa meza, nikale nini? Hukuwahi kuniuliza. Ulikuwa unaniona mama mwenye roho mbaya anayechukia viumbe wa Mungu, nami nikakuacha uone hivyo, maana kueleza kunanichosha kuliko kugombana.

Basi nikaanza kutafuta. Hujui hata robo ya nilivyohangaika, kwa sababu niliona aibu kukwambia.

Kwanza nikaandika kwenye lile kundi la mtaa kwenye simu. Nikaandika kwa adabu zote: wapo paka wanne, wazuri, wanakamata panya, anayetaka aje. Wallahi, nilijuta. Wa kwanza akajibu, "Ndimu na pilipili tu hapo." Wakacheka wote na vile vikatuni vyao vya machozi. Wa pili akauliza kama yupo mweusi tii asiye na doa, kuna mtu anamhitaji kwa kazi yake. Nikamjibu kazi hiyo akaifanye na mama yake. Kumbe ni shemeji yake mwenye kundi. Nikatolewa. Baada ya hapo taarifa za maji kukatika nikawa nazipata kwa Mama Asha wa mlango wa pili, naye ananiuzia kwa umbea.

Nikaenda kwa afisa mifugo. Kijana mstaarabu, akaniamkia vizuri, akanipa kiti. Akasema, "Mama, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa walete, nitawachanja bila shida. Lakini pa kuwaweka sina. Hata mbwa sina pa kuwaweka." Nikamwambia kwa hiyo mtu akiwa na ng'ombe ndiyo mna muda naye. Akasema ng'ombe naye hana pa kumweka. Nikaondoka nimesonya. Hakuwa na kosa yule kijana, ila siku hiyo nilikuwa natafuta mtu wa kumkasirikia, na yeye ndiye aliyekuwa na kiti.

Ndipo nilipokwenda Handeni kwenye harusi ya binti wa mjomba, nikamchukua na Sultani ndani ya tenga. Pale mjini kuna yule bwana wa ghala la mahindi, simtaji jina, akiliona humu ataona nimempa heshima. Nikamweleza. Hakuuliza hata paka anakula nini. Alisema, "Mlete tu, mama, hakuna shida." Unajua desturi yetu, paka hatolewi bure, anayepokea anaacha kitu, hata kama ni chumvi ya kupaka kidoleni, la sivyo paka hakai. Yeye akanichotea mahindi sado zima, lile kopo la kupimia, akalirundika mpaka likamwagika. Nikafurahi mimi! Nikajisemea, aliyetoa kikubwa namna hii hawezi kukichezea alichopewa. Nikarudi Korogwe kifua mbele. Yale mahindi tulisaga, tukala ugali mimi na wewe, na ukasema unga huu mtamu.

Niliporudi Handeni kwenye msiba, nikapita ghalani na kichwa cha perege nimekifunga kwenye mfuko. Ndiyo, nilimpelekea. Yule bwana hakuinua hata uso kwenye simu yake. "Yule mwekundu? Alikufa zamani." Nikauliza alikufaje. "Alikutwa nyuma ya magunia. Tunaweka sumu humu, mama, panya ni wengi, paka peke yake hamudu. Akila panya aliyekula sumu ndiyo hivyo." Halafu akainua uso, akaniuliza kama anayeuliza bei, "Una mwingine?"

Zaina, nilimtukana yule mtu. Nilianza kwa Kiswahili, kikaniishia, nikahamia Kizigua. Nilimtukania ghala, nikamtukania mizani, wapagazi wakaweka magunia chini wakawa wanasikiliza. Yeye alinishangaa tu. "Mama, paka?" Hakuwa amefanya kitu cha ajabu machoni pake. Na hapo ndipo hasira ilipogeuka ikanirudia mwenyewe, kwa sababu yeye hakunidanganya lolote. Sumu ilikuwa pale pale, kwenye vifuniko vya chupa, ukutani, siku ile ya kwanza. Ningeuliza angenijibu. Sikuuliza kwa sababu nilitaka aseme ndiyo, na alipoisema niliikimbilia kabla hajaibadilisha. Ukiwa na shida, neno "hakuna shida" linakulewesha.

Kosa hilo ni langu, silisukumi kwa mtu. Wala usiniandikie barua ya kunisamehe. Nimekaa nalo, nitaendelea kukaa nalo.

Watoto wawili wa Kengeza ndio walionifundisha, au aliyewachukua ndiye aliyenifundisha. Ni yule mama wa Lutindi anayeshuka na ndizi siku ya gulio. Nilipomwambia, sikumsihi tena, nilikuwa nimechoka kusihi. Akatua tenga lake, akachuchumaa, akaanza: wameachishwa ziwa? Wanaogopa mbwa? Kule kwetu baridi, wamezoea kulala wapi? Nina vifaranga, mama yao alikuwa mla vifaranga? Nikaona huyu ananisumbua, ananunua paka au anaoa? Nikamjibu kwa mkato. Akaondoka bila kuwachukua. Gulio lililofuata akaja na tenga lenye kifuniko na kitambaa cha sufi ndani, akasema, "Nimezungumza na mzee wangu, tumekubaliana watalala jikoni." Hao wako salama. Hilo sikudanganyi, kila gulio ananipa habari zao hata nisipotaka, na mmoja ameshaanza kumpiga mbwa.

Akabaki Kengeza. Mzee, chongo, ana jino moja linalotokeza nje. Kila niliyemwonyesha alirudi nyuma. Mama Asha akasema paka wa jicho moja anaona vya usiku, nisimpitishe mlangoni kwake. Nikamwambia kama anaona vya usiku basi ameshaona na wanaoingia kwake mume wake akiwa safarini. Tangu siku hiyo hatusalimiani, na maji yakikatika sijui.

Na wewe ukaja na "siendi". Nikakasirika hasira ambayo hata kichwa kiliniuma. Kesho yake ulipokwenda kufuatilia barua yako ya ajira, nilimtia Kengeza kwenye kiroba nikapanda gari mpaka Mombo. Umesoma vizuri. Watu walikuwa wameniambia, mpeleke Mombo, mabasi yanasimama, abiria wanatupa mifupa ya kuku, paka wa kule ni matajiri. Nikafika. Nikazunguka nyuma ya mabanda ya chakula, nikaweka kiroba chini. Kweli paka walikuwapo. Wamekonda mbavu zinahesabika, wanagombania shingo ya kuku na mbwa. Na pale ukingoni mwa lami kulikuwa na ngozi ya paka imelala bapa, magari yanapita juu yake, hakuna anayegeuka. Kengeza alikuwa ndani ya kiroba hajalia hata kidogo. Angelia ningemwacha, naapa, maana ningemkasirikia. Alinyamaza tu, nasikia joto lake kwenye kifundo cha mguu. Nikamwambia, "Mwana hizaya mkubwa wewe," nikarudi naye. Kondakta akanilipisha na kiroba.

Sasa sikiliza nilipompeleka, maana tangu atoke nyumbani nimekuwa nakwambia tu kapata mtu, funga begi. Kaa chini kama umesimama.

Nilimpeleka Ngombezi kwa Mama Kulwa.

Ndiyo, kwa mama yako mdogo. Mke wa pili wa baba yako, yule ambaye nimekukataza kutaja jina lake ndani ya nyumba yangu tangu baba yako alipobeba redio na baiskeli akahamia kule kambi ya mkonge. Yule niliyemwita mwizi mbele ya jeneza la baba yako, waombolezaji wote wanasikia, na yeye akainamisha kichwa bila kunijibu, jambo ambalo sijamsamehe mpaka leo. Angenijibu tungemaliza. Sikwenda kwake kwa sababu moyo wangu umelainika, usianze kutunga hadithi. Nilikwenda kwa sababu nyumba za kambi zile zimejaa panya, na nilikuwa nimemaliza watu wote nisiowachukia.

Nilimkuta mlangoni anachambua maharage kwenye ungo. Akasimama.

"Shikamoo, dada."

Nikakaa kidogo kabla ya kuitikia, ajue. "Marahaba."

"Karibu kigoda."

"Sikai. Nimeleta paka."

"Naona kiroba kinatembea," akasema. "Mtoe, dada, atakosa pumzi."

Nikamtoa. Kengeza akajinyoosha, akaenda moja kwa moja akakaa kwenye kivuli cha ungo kama aliyezaliwa pale. Nikasubiri Mama Kulwa arudi nyuma kama wenzake. Hakurudi. Akamshika kidevu, akamtazama jicho.

"Jicho lilikuwaje?"

"Liliumwa. Zaina alilisafisha kwa maji ya chumvi, halikupona."

"Anakula ugali au mmemzoesha samaki mtupu?"

"Anakula kinachoanguka."

"Bado anazaa?"

"Nitajuaje? Unamtaka humtaki?"

"Sijasema namtaka, nauliza," akasema, hajakasirika wala nini. "Akiumwa nimpigie nani, wewe au Zaina?"

Nikamwambia huyu ni paka si mgonjwa wa kulazwa. Akaendelea kuchambua maharage. Halafu akasema, "Majirani zangu wa huku na huku wanaweka sumu ya panya. Ukiniachia leo, atakufa. Ngoja kwanza niongee nao, wakikubali kuacha nitakutumia salamu. Rudi naye."

Nirudi naye! Nimetoka kwetu Manundu na jua lile, nimemeza kiburi changu chote mpaka kimenikwama kooni, nimemwitikia marahaba, halafu ananirudisha na kiroba changu kama muuza mitumba. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilikuwa nimeshafika kwenye minazi ile ya mwisho ya kambi ndipo neno likanishika miguu. Sumu. Ni yeye aliyeitaja, mimi sikuuliza. Nilimuua Sultani kwa kutouliza swali hilo hilo, na hapa nilikuwa nakaribia kuua na huyu, kwa haraka ile ile. Nikasimama pale njiani na kiroba mkononi, nina hasira, na sina wa kumkasirikia.

Salamu zilikuja baada ya siku chache, kwa mpanda bodaboda. Nikarudi. Mama Kulwa alikuwa ameongea na majirani wa upande huu, wakakubali. Wa upande ule walikataa, akagombana nao, eti yeye, mtu asiyejibu matusi! Mwishowe wakakubali kuweka mitego badala ya sumu. Akaniletea chumvi ya mawe kwenye kipande cha gazeti, akasema, "Nimempokea." Kengeza yupo pale. Nimekwenda kumwona mara mbili kwa siri na anajifanya hanijui, mshenzi. Kwa hiyo Kengeza amepata mtu, Zaina. Sharti lako limetimia. Huna tena cha kujifungia.

Lakini barua haijaisha, na sehemu hii ndiyo iliyonifanya nitafute kalamu.

Siku ile nampeleka, nilipokuwa nafunga kiroba changu kitupu niondoke, yule mwanamke akaniuliza, "Na Zaina je? Nasikia amepangiwa mbali. Anafikia kwa nani?"

"Kwa mtu," nikasema.

"Mtu gani?"

Nikamwambia ni yule bwana wa kwetu Handeni anayefanya kazi huko Katavi, tuliunganishwa naye kwenye harusi, amesema ana nyumba kubwa, utakaa bure mpaka upate mshahara.

"Ana mke?"

Nikakunja kiroba.

"Anaishi na nani humo ndani?"

Nikakikunjua, nikakikunja upya.

"Mlango wa hicho chumba unafungwa kwa ndani?"

Mwanangu, angecheka ningemrukia. Angetikisa kichwa tu, ningemrukia. Hakucheka. Alinitazama kama alivyomtazama Kengeza jicho. Nilikuwa nimejua kila jiko ambalo paka wako angelala. Nilimjua mbwa wa Lutindi na baridi ya Lutindi. Na wewe, mtoto niliyekubeba, nilikuwa nakupeleka mwisho wa nchi kwa mwanamume ambaye neno lake pekee kwangu lilikuwa, "Mlete tu, mama, hakuna shida." Maneno yale yale, Zaina. Wala sikuyasikia. Nilishukuru Mungu, nikaenda kukununulia viatu.

Nilimpigia simu huyo bwana pale pale, Mama Kulwa kasimama pembeni. Nikamwamkia vizuri, nikauliza habari za kazi, halafu nikauliza kama ana mke. Akacheka. "Mama, mbona maswali? Mwacheni aje, mengine tutaongea akifika." Nikauliza kama chumba kina ufunguo wake. Akasema, "Mama, wewe humwamini mtu wa kwenu?" Nikamwambia asante, nikakata.

Huendi kwake. Inawezekana ni mtu mwema kabisa na nimemwonea. Basi nimemwonea, nitaulizwa mimi siku ya kiyama. Wewe huweki mguu mlangoni kwake.

Ukinifuata utaniona nina hasira na kila mtu ndani ya barua hii, na ni kweli. Ila kitu kimoja nimekiona na nitakwambia mara moja tu. Yule anayekuuliza maswali mpaka ukataka kumpiga, huyo anapima kama anaweza kukubeba. Yule wa "wewe njoo tu", hajakuona bado. Nimeishi umri huu wote nawapenda wa "njoo tu" na kuwagombeza wenye maswali. Baba yako alikuwa wa "hakuna shida". Mama yangu mzazi aliniuliza maswali juu yake, nikamwambia ana wivu.

Sasa mambo yalivyo. Jana nilikwenda stendi nikakata tiketi ya pili. Kesho alfajiri tunapanda wote, wewe na mimi, mpaka Dodoma, na kutoka hapo tutauliza mbele kwa mbele. Usinipinge. Tukifika tunakwenda kwanza shuleni, nimsalimie mwalimu mkuu, nimuulize walimu wa kike wanapanga wapi. Halafu tunazunguka nyumba hadi nyumba. Nitaingia jikoni kwa watu. Nitajaribu kila kitasa kwa mkono wangu, upande wa ndani. Wataniona mama mwenye kisirani kutoka Korogwe, na waone. Utaona aibu, utanivuta kanga, utasema, "Mama, inatosha." Haitatosha mpaka niseme mimi. Na tusipopata, tutalala stendi juu ya begi, mimi na wewe, na kesho yake tutaanza tena.

Meza ya samaki namwachia Mama Kulwa. Ndiyo, yeye. Ameshaniuliza maswali juu ya mafuta ya kukaangia mpaka nimempandishia sauti mara mbili, na bado hajamaliza.

Kwa hiyo usilijaze begi peke yako kama tajiri. Toa kile kitabu kinene, kitakufuata. Nataka nafasi ya kanga zangu mbili na sweta.

Mama yako